KAZI ZA VIJANA: Mafundi wa Mitambo wa Kaskazini Mashariki Watoke Wapi?

Katika majuma yaliyopita ukurasa huu umeeleza kazi ya ualimu, ya uuguzi na ya ukarani wa serikali. Leo ni zamu ya kazi ambayo vijana wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawaitii tamaa, nayo ni kazi ya mitambo: kuitengeneza, kuiendesha na kuitunza, na kutoa vitu vipya kutoka katika chuma, ngozi, maziwa na mwanga wa jua. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya watu wa Nairobi, Thika na Mombasa, wala haimhusu kijana aliyekulia nyuma ya ngamia. Twataka kuonyesha kwamba yamhusu sana, na kwamba asipoishika yeye, itashikwa na mwingine atokaye mbali.

Tuanze na mto. Maji ya Tana yapitayo chini ya daraja la Garissa yamekwisha kufanya kazi kabla ya kufika hapo. Huko juu yamezungusha mitambo ya umeme katika mabwawa matano yafuatanayo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kutoa umeme lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na la mwisho Kiambere, mwaka 1988. Hata hivyo mji wa Garissa, ulio kando ya mto ule ule, uliendelea kwa miaka mingi kupata umeme wake kwa mitambo ya dizeli, na mafuta yakiletwa kwa malori, hata ulipofikiwa katikati ya miaka ya 2010 na waya wa umeme mkubwa utokao Kindaruma kwa njia ya Mwingi. Wazee wa mji wangali wakikumbuka giza la jioni mtambo ulipozima.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Tarehe 13 Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kituo cha umeme wa jua nje ya mji wa Garissa, kilichojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, chini ya shirika la serikali la umeme wa vijijini, ambalo sasa laitwa REREC. Kituo hicho kimetandazwa juu ya hekta 85 za ardhi, nacho kina uwezo wa megawati 50. Apitaye barabarani huona mistari ya mabamba meusi hadi macho yachoke.

Hapa twawaomba wanafunzi watwae kalamu na karatasi. Mabamba yaliyotandazwa pale ni zaidi ya 200,000, na kila moja limepimwa kiwandani kuwa latoa wati 265. Zidisha, nawe utapata zaidi ya megawati 53. Mbona basi kituo chaitwa cha megawati 50? Kwa sababu umeme utokao katika bamba la jua hutembea upande mmoja tu, kama ule wa betri, ilhali umeme wa nyaya za nchi huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Hapana budi kuugeuza kwa chombo kiitwacho inveta, na katika kugeuza na kupita katika nyaya, sehemu yake hupotea kuwa joto.

Tena kuna jambo ambalo mgeni halitazamii. Watu hudhani kwamba jua likizidi ukali, bamba hutoa umeme zaidi. Mwanga ukizidi, ndiyo. Joto likizidi, la. Wati zile 265 zilipimwa bamba likiwa katika nyuzi 25 za joto. Kila linapopanda nyuzi moja juu ya hapo, hupunguza kiasi cha sehemu 0.4 katika mia ya nguvu zake. Katika adhuhuri ya Garissa bamba laweza kufikia nyuzi 60. Toa 25 katika 60, zidisha kwa 0.4, utaona kwamba sehemu 14 katika mia zimekwenda na upepo wa moto. Ongeza vumbi, ambalo kila mtu wa Garissa alijua. Basi mwenye kazi ya kuamua mabamba yainuliwe kiasi gani ili hewa ipite chini yake, yafutwe mara ngapi kwa mwezi, na kwa maji gani katika nchi isiyo na maji, huyo ndiye mhandisi. Hesabu aifanyayo ni hiyo hiyo ya darasani, ila yeye akikosea, mji mzima watambua.

Lakini haifai kuwadanganya vijana. Kituo kama kile huajiri mamia ya watu wakati wa kujengwa, na kikisha kujengwa huhitaji watu wachache tu. Mabamba hayana magurudumu wala mafuta ya kubadilisha. Kijana akiweka tumaini lake lote katika lango la kituo kile, atangoja sana. Faida kubwa ya jua kwa fundi wa Kaskazini Mashariki imo katika vituo vidogo: zahanati yenye jokofu la chanjo, shule ya bweni, duka la kijiji, msikiti wenye kipaza sauti, na zaidi ya vyote, pampu ya maji. Mradi wa serikali na Benki ya Dunia uitwao KOSAP, ulioidhinishwa mwaka 2017, ulikusudiwa hasa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizo mbali na nyaya za nchi, nazo Garissa, Wajir na Mandera zimo. Mitambo midogo iliyotawanyika namna hiyo haiwezi kutunzwa na mtu akaaye Nairobi. Na kwa sheria, ambaye hana leseni ya Mamlaka ya nishati na mafuta, yaani EPRA, haruhusiwi kuifunga. Kwa hiyo ajifunzaye na kupata leseni ana kitu mkononi ambacho jirani yake hana.

Sasa tukae kidogo juu ya pampu, maana hapa ndipo ufundi na uhai hukutana.

Chini ya ardhi ya mchanga itokayo upande wa Merti na kupita Habaswein, Dadaab na Liboi kuna hazina ya maji ambayo wataalamu huiita kwa jina la Merti. Maji hayo yako mbali, mara nyingi zaidi ya mita 100 kwenda chini, nayo hayatoki kwa kamba na ndoo kama ya visima vifupi vya Wajir. Hutolewa na pampu nyembamba iliyoshushwa ndani ya bomba, ikiwa na mota yake pamoja nayo majini, na juu ya ardhi kuna jenereta ya dizeli au mabamba ya jua ya kuipa nguvu. Wakati wa ukame malambo yakikauka, mifugo yote ya eneo hukusanyika katika visima hivyo. Katika ukame wa kutoka mwaka 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika nchi kame za Kenya. Si wote waliokufa kwa kukosa majani. Kisima kikiharibika siku ile ambayo ng'ombe wamekwisha kutembea siku mbili kukifikia, hawana nguvu za kutembea siku mbili nyingine kukifuata cha pili.

Kwa nini pampu huharibika wakati inapohitajiwa sana? Wengine husema ni bahati mbaya. Fundi asema ni hesabu. Jenereta nyingi za namna ile hutakiwa kubadilishwa mafuta ya injini kila baada ya saa 250 za kazi. Wakati wa kawaida, ikifanya kazi saa nane kwa siku, saa hizo hutimia kwa mwezi mmoja, na watu huzoea kwamba mafuta hubadilishwa kila mwezi. Ukame ukija, jenereta hufanya kazi saa 20 kwa siku. Gawanya 250 kwa 20: siku kumi na mbili na nusu. Kamati ya maji inayoendelea kungoja mwezi uishe itakuwa imezidisha muda zaidi ya mara mbili, na mafuta yamekuwa kama lami. Injini hufa katika juma la tatu au la nne, ambalo ndilo juma la kiu kuu.

Mota iliyo chini nayo ina adui zake. Maji ya kisima yakishuka kwa kuvutwa mno, pampu hubaki ikizunguka katika hewa. Na kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza, huungua katika muda mfupi. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupima kina cha maji, ambacho huzima mota yenyewe kabla ya hatari. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya pampu mpya, pamoja na lori la kuinulia mabomba, na siku za kungoja. Lakini lazima awepo mtu wa kukifunga na kukijaribu, na wa kuwaeleza wazee wa kamati kwa lugha yao kwamba pampu haikugoma, bali imejilinda. Katika neno hili la mwisho, kijana wa pale ampita mgeni mwenye shahada. Fundi asiyeweza kuzungumza na wachungaji akiwa kisimani ni nusu ya fundi.

Mzee mmoja wa Garissa alituletea swali linalotupasa kulijibu wazi. Asema kwamba mwanawe amemaliza kidato cha nne na kupata C-, naye ataka kwenda chuo cha ufundi kujifunza kazi ya mitambo na kuchomea vyuma. Jamaa zake wamemcheka mzee huyo. Wamesema kwamba mtoto wa ukoo wa heshima haendi kushika nyundo, na kwamba heri angojee kazi ya ofisi katika kaunti, au afanye biashara ya kitambaa. Mzee auliza kama amzuie au amwache.

Mzee wetu, twajua neno lililofichwa chini ya kicheko hicho, na wasomaji wengine wa Kenya hawalijui, kwa hiyo tulitaje. Tangu zamani katika nchi za Wasomali wahunzi, walioitwa Tumaal, walitengwa. Waliwafulia watu mikuki na visu, na watu wale wale wakakataa kuoa au kuoza kwao. Watengenezaji wa ngozi nao walitendewa vivyo hivyo. Hivyo ndivyo ilivyotukia kwamba nchi yenye ngamia, ng'ombe na mbuzi wasiohesabika iliidharau kazi ya ngozi, na nchi ambayo haiwezi kuishi bila kisima iliidharau kazi ya chuma. Desturi hiyo haina mizizi katika dini. Kila aliyekaa duksi amesikia kwamba Nabii Daud alilainishiwa chuma akafundishwa kutengeneza deraya, na kwamba Nabii Nuhu aliunda safina kwa mikono yake huku watu wakimcheka. Na Waislamu wa pwani walipotaka kuwainua vijana wao, katika miaka ya 1950, walifungua Mombasa chuo cha ufundi kwa jina la Chuo cha Elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya wengineo. Chuo hicho ndicho kilichokuwa baadaye Politekniki ya Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Basi, mzee, usimzuie. Lakini usimwache vivi hivi tu, msaidie kuchagua. Mwenye C- ana haki ya kuomba masomo ya diploma, wala hana sababu ya kujifungia katika kuchomea milango na madirisha. Politekniki ya Taifa ya Kaskazini Mashariki iko pale pale Garissa. Aulize masomo ya diploma ya umeme au ya mitambo, aone yaliyo wazi mwaka huu, na kuchomea vyuma atakujua humo ndani kama sehemu ya kazi. Nawe mzee, badala ya kumnunulia simu mpya, mnunulie jiriwa, tupa nzuri za namna mbili tatu, seti ya spana, bisibisi za umeme na kipimo cha volti. Kijana mwenye vyombo vyake hutumwa kazi hata kabla ya kumaliza chuo.

Kuhusu wale wamchekao, waulize ni nani aliyeunganisha mkokoteni wa punda unaowaletea maji nyumbani. Mikokoteni ya Garissa hutengenezwa na wachomeaji wa mjini kwa ekseli za magari yaliyokufa, nayo hubeba mzigo katika mchanga ambao ungelivunja gari jipya. Hicho ni kiwanda, ingawa hakina paa. Ambacho hakina ni kipimo: kila mkokoteni ni tofauti na mwenzake, na kipande cha mmoja hakiingii katika mwingine. Hapo ndipo lilipo shina la kiwanda cha kisasa. Kiwanda cha kisasa hakikutofautishwa na karakana kwa ukubwa wa nyumba, bali kwa kuwa kitu cha elfu moja hulingana na cha kwanza, mpaka katika sehemu ndogo za milimita. Siku hizi mashine ya kukerezea chuma haiongozwi kwa mkono wa fundi. Huongozwa na kompyuta iliyopewa vipimo vya mchoro, na kazi ya fundi ni kuandika vipimo hivyo, kuchagua patasi ya kukata, na kutambua kwa sauti tu kwamba patasi imeanza kufa. Kwa hiyo kijana anayependa kompyuta, akadhani kwamba kazi yake iko ofisini tu, na afikiri tena.

Garissa ina malighafi ya viwanda ambayo miji mingi ya Kenya haina. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi ng'ombe hao wamesafirishwa wakiwa hai kwenda Nairobi na Mombasa, wakapungua uzito njiani, na ngozi, mifupa na mafuta yao vikamtajirisha mtu wa mwisho. Halmashauri ya Nyama ya Kenya yenye kiwanda chake Athi River iliundwa mwaka 1950, na tangu wakati huo mfugaji wa kaskazini amekuwa akiambiwa kwamba soko liko kusini. Kuchinja karibu na malisho si jambo la kisu tu. Nyama ikisha kuchinjwa hutakiwa kupozwa hadi chini ya nyuzi 7, na katika mji ambapo hewa ya mchana hupita nyuzi 35 hiyo ni kazi ngumu ya mitambo ya baridi. Fundi wa mitambo ya baridi ni mtu adimu, na kwa maoni yetu ndiye mtu ambaye Kaskazini Mashariki yamhitaji kwanza, hata kabla ya fundi wa magari, maana wa magari wapo tele.

Maziwa ya ngamia vile vile. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2019 ilionyesha ngamia zaidi ya milioni 4 katika Kenya, wengi wao wakiwa kaskazini. Maziwa yao huharibika njiani kwa sababu ya joto na vyombo visivyosafika. Tena hayagandi kama ya ng'ombe. Protini inayoshikamanisha jibini ni chache ndani yake, na mtu akitumia dawa ya kugandishia ya maziwa ya ng'ombe hupata uji mwepesi. Mitambo iliyoundwa Ulaya kwa ng'ombe haiwezi tu kuletwa na kuwashwa. Wapo watakaojipatia maisha kwa kulitafiti jambo hili, na haielekei kwamba watakuwa watu wasiopata kuonja maziwa hayo.

Viwanda vya mbali tuvipitie upesi. Katika barabara ile ile ya kwenda Nairobi, Thika ina kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi kiitwacho Kenya Vehicle Manufacturers. Naivasha kuna kiwanda cha kuunganisha mabamba ya jua kilichoanza mwaka 2011, sasa kwa jina la Solinc. Nyeri, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni itengenezayo vipande vidogo vya elektroni ambavyo huingia ndani ya kompyuta. Mwanafunzi asafiriye na aombe kwa barua rasmi ya chuo kufanya mazoezi katika mahali pa namna hiyo. Miezi mitatu ndani ya kiwanda halisi humfundisha saa ya kengele, viatu vya chuma na kofia ya usalama, na kwamba hakuna mtu apitaye chini ya mzigo ulioinuliwa, hata kama ni meneja.

Wengi huchanganya majina ya vyeo, nayo yafaa kufahamika. Fundi stadi hufanya kazi yenyewe kwa mikono. Hujaribiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hata kama hakusoma sana, na kwa mtihani huo mtu aliyejifunza katika gereji kwa miaka kumi aweza kupata cheti. Mwenye diploma huitwa fundi mchundo. Husoma michoro, hupima, hutafuta kosa na kuwasimamia wengine. Watu wa daraja hizi huandikishwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mhandisi husoma chuo kikuu miaka mitano, na haandikwi kuwa mhandisi kamili na Bodi ya Wahandisi mpaka afanye kazi chini ya wakubwa si chini ya miaka mitatu. Njia yaweza kupandwa kutoka chini. Mwenye diploma nzuri hupokelewa chuo kikuu, na sisi twamwamini mhandisi aliyepata kuchafuka mafuta kuliko yule aliyeijua pampu kwa picha.

Yote haya husimama juu ya hisabati na fizikia, na hapo pana jeraha ambalo haifai kulifunika. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna awezaye kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Lakini waliobaki nyuma ni wanafunzi, na katika shule kadha mwalimu wa fizikia aliyeondoka hakupata wa kumrithi. Mwanafunzi asiyefundishwa fizikia hana njia ya kuwa mhandisi, awe na akili kiasi gani. Kwa sababu hiyo twawaomba vijana wa kaskazini wenye shahada za sayansi wafikirie kutoa hata miaka miwili ya kufundisha kwao. Twajua kwamba mshahara wa mjini ni mzuri zaidi.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi kwa mfumo mpya wa elimu. Vijana walioingia gredi ya 10 Januari 2026 ndio wa kwanza kuchagua njia moja katika tatu, na ya uhandisi ni ile ya sayansi, teknolojia na hisabati. Hisabati sasa ni ya namna mbili, na ile nyepesi haimfikishi mtu katika uhandisi. Mzazi ajue hayo kabla mtoto hajachagua, maana huchaguliwa akiwa bado mdogo. Shule nayo isimpeleke mtoto katika njia nyingine kwa sababu tu haina maabara, bila ya kumwambia mzazi.

Na mabinti? Tumeulizwa na mama mmoja kama kazi hizi ni za wavulana tu. La, hasha. Kufunga vifaa vya elektroni, kupima ubora wa maziwa, kuchora kwa kompyuta na kusimamia chumba cha mitambo ya umeme ni kazi zisizotaka misuli, nazo hufanyika ndani ya nyumba, kwa heshima. Wanawake wa kaskazini ndio walioshika biashara ya maziwa ya ngamia tangu mwanzo. Binti yao akisoma ufundi wa mitambo ya maziwa, atakuwa ameendeleza kazi ya mama yake tu.

Mwisho ni habari za karatasi. Maombi ya vyuo vya ufundi vya serikali hupitia KUCCPS, na mkopo hupitia HELB. Katika safari hiyo hutakiwa karatasi kama cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho cha taifa. Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo halikuwapata vijana wa kaunti nyingine, na wengi walipoteza mwaka mzima, wengine miwili, nafasi zao za masomo zikachukuliwa. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba mahojiano hayo ya ziada yameondolewa. Atakayezuiliwa sasa na aombe sababu kwa maandishi. Wale ambao wazazi wao waliwaandikisha utotoni katika kambi za Dadaab ili wapate chakula, ilhali ni raia wa Kenya, wana kazi nyingine ya kufuta jina katika orodha ya wakimbizi; waianze mapema, wakiwa bado shuleni, wasingoje barua ya chuo.

Maswali juu ya kazi za bandari ya Lamu na barabara ya Lamu kwenda Garissa na Isiolo yametufikia mengi. Tutayajibu katika toleo la juma lijalo.